Mbao Mbichi na Dawa Isiyofika Ndani

Chukua ubao uliopakwa dawa ya mchwa kwa brashi wiki iliyopita, uache ukauke, kisha ukate katikati kwa msumeno. Tazama pale ulipokatwa. Kama dawa ilikuwa na rangi, utaiona imezunguka ubao mithili ya mstari wa penseli: milimita moja au mbili kwenye mbao laini, pungufu ya hapo kwenye mbao ngumu. Ndani ya mstari huo ni mti mtupu, kama ulivyotoka msituni. Ule mstari ndio tuliokuwa tukiuita kinga. Ubao uliopakwa ukiwa bado mbichi utapasuka unapokauka, na ufa utavuka mstari na kuacha njia wazi. Hata msumari unavuka.

Naandika makala hii kwa sababu naona mazungumzo yetu kuhusu kulinda mbao yanaanzia mahali pasipofaa. Mtu huuliza dawa ipi ni kali, naye hujibiwa jina la kopo. Ni nadra kusikia mtu akiuliza dawa hiyo itaingia kina gani, ubao una maji kiasi gani kwa sasa, na utakaa wapi baada ya kufungwa. Kwa maoni yangu maswali hayo matatu yana uzito kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye kopo. Nimeona mbao zilizopakwa dawa nzuri kabisa zikawa unga, na nimeona mbao zisizo na tone la dawa zikiwa imara baada ya umri wa mtu mzima.

Tuanze na maji. Mti laini uliokatwa leo unaweza kubeba maji yenye uzito unaozidi uzito wa mbao yake ikishakauka. Maji hayo yako sehemu mbili, ndani ya uwazi wa seli na ndani ya kuta zake. Yale ya kwenye uwazi huondoka kwanza. Yakiisha, ubao unakuwa umebaki na maji ya karibu asilimia 28 hadi 30 ya uzito wake mkavu, na kuanzia hapo ndipo unaposinyaa, kupinda na kupasuka. Fangasi wanaoozesha mbao hustawi kwenye kiwango hicho na zaidi yake. Chini ya asilimia 20 hawawezi kuanza kazi. Kwa hiyo kenchi kavu iliyo chini ya paa lisilovuja haiozi, ipakwe au isipakwe, na ubao mbichi uliofungiwa ndani ya rangi ya mafuta pande zote unaoza ukiwa umependeza, kwa sababu rangi imeyazuia maji yake yasitoke.

Kujua kiasi cha maji si jambo la kubahatisha. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, kipime uzito, kikaushe kwenye tanuri la nyuzi joto 103 mpaka uzito wake uache kupungua, kisha kipime tena. Tofauti ya uzito gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100, na hiyo ndiyo asilimia ya maji. Vipo vipimo vya kuchoma sindano vinavyotoa jibu papo hapo, ila ukivitumia kwenye ubao mnene kumbuka kwamba uso hukauka kabla ya katikati, na sindano fupi husoma uso.

Wadudu wana hesabu yao. Mchwa wa ardhini huishi udongoni na hupanda kuifuata mbao ndani ya vijia vya udongo wanavyovijenga ukutani, maana miili yao hukauka upesi wakitoka hadharani. Ukiona vijia hivyo, ujue kundi liko chini, na ubao wenye dawa hauwazuii kupita juu yake kuufuata ule usio na dawa. Mchwa wa mbao kavu hawahitaji udongo kabisa. Jozi moja ya kumbikumbi huingia kwenye ufa, na miaka kadhaa baadaye utaona chini ya fremu punje ndogo ngumu kama mchanga, ambazo ni vinyesi vyao. Kisha wapo wadudu wadogo wanaobungua mbao ngumu, wanaoacha unga laini unaoteleza vidoleni na matundu ya mviringo ya milimita moja au mbili. Hawa hutafuta wanga uliobaki ndani ya mti, na jike hutaga mayai kwenye mirija yake. Msonobari hauna mirija ya aina hiyo, ndiyo maana hawaugusi. Punje ngumu, unga laini na vijia vya udongo ni habari tatu tofauti, na anayetoa kopo lile lile kwa zote tatu hajainama kutazama sakafu.

Mti nao haufanani ndani na nje. Sehemu nyeupe ya nje ndiyo iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai; humo ndimo wanga ulimo, na humo ndimo wadudu na fangasi hupata mlo rahisi. Kiini chenye rangi kimekwisha kufungwa, na katika miti kama msaji, mvule na mpingo kimejaa kemikali ambazo mti ulijitengenezea. Sifa ya kudumu tunayoipa miti hii ni sifa ya kiini chake. Sehemu nyeupe ya msaji huliwa kama sehemu nyeupe ya mti mwingine wowote. Tatizo ni kwamba miti mingi siku hizi inakatwa ikiwa michanga, na mti mchanga una kiini kidogo. Mnunuzi anaambiwa ni msaji, analipia sifa ya msaji, na anaondoka na ubao ambao nusu yake ni nyeupe. Mimi ningependa kila anayenunua mbao ageuze ubao na kutazama ncha zake kabla hajauliza jina la mti.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichukulia kinyume. Sehemu ile ile nyeupe iliyo dhaifu ndiyo inayokubali dawa, na kiini kigumu huikataa. Nguzo ya mviringo ya mkalitusi, ikiwa haijachongwa, ina pete nzima ya sehemu nyeupe kuizunguka. Ikitiwa dawa kwa shinikizo, pete hiyo hugeuka ganda lililojaa dawa kila upande. Pasua mkalitusi huo huo kuwa boriti za mraba, na upande mmoja au miwili unabaki kiini kitupu ambacho dawa haikifikii. Ndiyo maana nguzo za umeme huachwa mviringo. Ukihitaji mti wa kuchimbia ardhini, usiuchonge uwe mraba kwa ajili ya sura tu.

Kwamba brashi haitoshi ni jambo lililojulikana zamani. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hataza ya njia ya kuifungia mbao ndani ya tangi la chuma, kuinyonya hewa iliyomo ndani ya seli zake, kisha kusukuma kriosoti, mafuta yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, kwa nguvu ijaze nafasi iliyoachwa. Reli zilikuwa zikienea na mataruma yalikuwa yakioza, na njia hiyo ndiyo iliyowezesha mti laini kulala juu ya udongo unyevu kwa miongo. Mwaka 1933 Sonti Kamesan, mtafiti wa India, alibuni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki unaoyeyuka ndani ya maji: shaba kwa ajili ya fangasi, aseniki kwa ajili ya wadudu, na kromu ya kuzifunga zote ndani ya mbao zisisombwe na mvua. Ile rangi ya kijani tunayoiona kwenye mbao za dawa ni ya shaba. Matangi ya leo husukuma kwa mgandamizo wa mara 10 hadi 14 ya ule wa hewa ya kawaida, na hata hivyo kiini cha miti mingi hakipitishi. Sasa linganisha nguvu hiyo na mkono wenye brashi.

Kwa njia ya tangi mbao inapaswa kuwa imekauka, kwa sababu uwazi uliojaa maji hauna nafasi ya dawa. Hili ndilo linalowapotosha watu waamini kwamba mbao mbichi haitibiki, kwamba lazima usubiri. Na wakati wanasubiri, wadudu hawasubiri. Gogo lililolala chini na gome lake kwa wiki chache katika hali ya joto linaweza kuwa limekwisha kutobolewa, na mbao zilizopangwa bila fito za kupitisha hewa hupata madoa ya bluu. Madoa hayo hayapunguzi sana nguvu ya mbao, ila ni ushahidi kwamba ilikaa na maji muda wa kutosha kwa fangasi wengine, wabaya zaidi, kuingia.

Ipo dawa ambayo huyageuza maji hayo kuwa njia yake, na nasikitika kwamba haizungumzwi inavyostahili. Ni chumvi za boroni. Changanya boraksi na asidi ya boriki, takribani sehemu 3 kwa 2 kwa uzito, ndani ya maji ya moto, upate mchanganyiko unaoyeyuka vizuri kuliko kila moja peke yake. Ubao uliotoka kwenye msumeno siku hiyo hiyo, ungali na maji mengi, huchovywa ndani yake. Kisha mbao hubananishwa bila fito, zikafunikwa kwa nailoni zisikauke, na kuachwa. Kilichoshika juu ya uso huanza kusafiri kuelekea ndani kupitia maji ya ubao wenyewe, kama tone la wino linavyoenea kwenye glasi bila mtu kulikoroga. Hakuna tangi wala pampu. Baada ya wiki kadhaa unafunua, unapanga kwa fito, na ndipo unakausha. Boroni inabaki ndani, na huweza kupenya hata kiini ambacho shinikizo lilishindwa, mradi kiwe na maji.

Kinachohitajika ni subira, na subira hiyo ina kanuni. Muda wa kusambaa huongezeka kwa mraba wa unene: ubao wenye unene maradufu unahitaji karibu mara nne ya muda, si mara mbili. Anayefunika mbao za milimita 25 na boriti za milimita 50 rundo moja na kuzifunua siku moja amezitibu za kwanza tu. Kosa jingine ni kuchovya mbao iliyokwisha kukauka na kutarajia matokeo yale yale. Mbao kavu hunywa kidogo juu, na boroni hukwama hapo kwa kukosa maji ya kuibeba. New Zealand ilitumia njia hii ya kuchovya na kufunika kwa mbao za ujenzi wa nyumba kuanzia miaka ya 1950, tena kwa msonobari uliokuzwa haraka, mti ambao bila dawa haudumu. Haikuwa jambo la maabara. Ilikuwa kazi ya kila siku kwenye viwanda vya kupasua mbao.

Boroni ina mpaka wake na ni lazima usemwe waziwazi. Haijifungi ndani ya mbao. Jinsi ilivyoingia na maji ndivyo itakavyotoka na maji, kwa hiyo haifai kwa nguzo ya kuchimbia ardhini, wala ubao wa nje unaopigwa na mvua bila kufunikwa. Inafaa kenchi, fremu za ndani, sakafu, samani na mianzi ya ndani. Kwa wadudu ni sumu ya tumboni, maana yake mdudu lazima aile ndipo afe, hivyo usishtuke ukiona alama chache za kung'atwa. Kwa binadamu ni laini kuliko aseniki kwa mbali sana, lakini asidi ya boriki ikiingia mwilini kwa wingi ina madhara ya uzazi. Vaa glavu, na ndoo isiachwe mahali mtoto anapofika.

Sasa niseme kuhusu oili chafu, kwa sababu kila mjadala wa mbao huishia hapo. Naelewa inapendwa kwa nini. Inapatikana kirahisi, inaufanya ubao uwe mweusi kwa namna inayotia moyo, na kwa miezi ya mwanzo harufu yake na uwezo wake wa kufukuza maji huonekana kufanya kazi. Lakini ni mafuta mazito yaliyotengenezwa kwa ajili ya kulainisha injini. Hayaingii ndani ya mbao kuliko dawa ya brashi, na hayana kiambato kilichokusudiwa kuua mchwa au fangasi. Yakipakwa kwenye mbao mbichi hufanya kile kinachofanywa na rangi ya mafuta, yaani kuyafungia maji ndani. Yana metali zilizosagika kutoka kwenye injini na kemikali za mafuta yaliyoungua ambazo zinahusishwa na saratani, na hizo huingia kwanza kwenye ngozi ya mpakaji, kisha kwenye udongo wa chini ya nguzo. Rangi haishiki juu yake. Naona ni vibaya fundi anapoipaka nyumba ya mtu na kuihesabu kama matibabu ya mbao, hata kama mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeiomba.

Kuchoma uso wa nguzo mpaka uwe mkaa ni desturi nyingine inayosifiwa. Mbao za ukutani zilizochomwa hivyo, kama wanavyofanya Wajapani kwa mwerezi wao, hudumu kwa sababu zinaning'inia zikiwa kavu na hewa ikipita nyuma yake. Ncha ya nguzo iliyo udongoni ina hali tofauti: ganda la mkaa ni jembamba, lina nyufa tangu siku ya kwanza, na nyuma yake kuna mti ule ule.

Nguzo iliyozikwa huoza mahali pamoja, nalo ni usawa wa ardhi. Chini kabisa udongo ulioshiba maji hauna oksijeni ya kutosha kwa fangasi, na juu mbao hukauka kwa upepo. Pale katikati, kiganja kimoja juu na kimoja chini ya usawa, kuna maji na hewa kwa pamoja. Nguzo za mbao zilizo chini ya majengo ya Venice zimebeba uzito kwa karne nyingi kwa sababu zimezama moja kwa moja kwenye matope yasiyo na hewa. Meli ya Vasa ya Uswidi, iliyozama mwaka 1628 na kuinuliwa mwaka 1961, ilikutwa nzima hasa kwa kuwa maji ya Bahari ya Baltiki yana chumvi kidogo mno kwa funza wa bahari wanaotoboa merikebu. Katika mifano yote miwili mahali ndipo palipoilinda mbao, bila dawa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Norway. Makanisa ya kwanza ya mbao huko yalijengwa kwa nguzo zilizochimbiwa ardhini, nazo zikaoza chini. Waliofuata wakaweka nguzo juu ya boriti za mlalo, na boriti juu ya msingi wa mawe, mbao zisiguse udongo. Kanisa la Borgund, la mnamo mwaka 1180, bado limesimama, likipakwa lami ya msonobari kila baada ya muda. Lami hiyo ilisaidia, bila shaka. Lakini kilichobadilika kati ya majengo yaliyooza na yaliyodumu ni yale mawe ya chini. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu, ama kopo la dawa ama jiwe la kuinulia nguzo, ningechukua jiwe.

Zege lililomiminwa kuizunguka nguzo halifanyi kazi hiyo. Mbao husinyaa, pengo huachwa kati yake na zege, na pengo hilo huwa kikombe cha kukusanyia mvua. Kama ni lazima uzike, tumia nguzo ya mviringo iliyotiwa dawa kwa shinikizo ya daraja la kugusa ardhi. Neno daraja ni muhimu. Ulaya hupanga matumizi ya mbao katika madaraja 1 hadi 5, kuanzia ndani pakavu mpaka ndani ya maji ya bahari. Australia na New Zealand hutumia H1 hadi H6. Kiasi cha dawa kinachotakiwa hupanda daraja likipanda. Kwa hiyo ubao wa kijani uliotengenezwa kwa ajili ya paa si kinga ya kutosha ukiuzika, ingawa rangi ni ile ile na muuzaji hajasema uongo. Muulize ni ya daraja gani, na omba uone muhuri au hati.

Ukishanunua mbao za dawa, epuka kuzikata kadiri uwezavyo. Ncha ndiko mirija inakofunguka, na maji hupenya kwa urefu wa mti haraka mara nyingi kuliko kwa upande wake. Kila mkato na kila tundu la boliti hufichua sehemu ambayo dawa haikufika. Paka hapo dawa ya shaba kwa wingi, mara mbili au tatu, mpaka ncha ikatae kunywa; hapa ndipo brashi ina kazi ya kweli. Ncha uliyoikata usiielekeze udongoni, elekeza ile ya kiwandani. Na kama mbao zako ni za zile dawa mpya za shaba zisizo na aseniki, tumia misumari iliyochovywa kwenye zinki ya moto au ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu dawa hizo hula misumari ya kawaida, na paa huanza kulegea wakati mbao zenyewe ni nzima.

Joto nalo huua. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo, ISPM 15, inataka mbao yote, mpaka katikati yake, ifike nyuzi joto 56 kwa dakika 30 mfululizo. Wadudu waliomo hufa. Ila joto haliachi kitu nyuma, na ubao huo unaweza kuvamiwa tena wiki inayofuata. Wanaouziwa mbao za makreti yenye muhuri wa HT, yaani zilizotibiwa kwa joto, wakidhani ni mbao za dawa wanapaswa kuelezwa hivyo.

Jambo la mwisho linahusu vipande vinavyobaki. Marekani, viwanda vilikubali kuacha kutumia dawa ya shaba, kromu na aseniki kwenye mbao za majumbani kufikia mwisho wa mwaka 2003, lakini dawa hiyo ingali kwenye nguzo na mbao nyingi duniani, na itakuwepo kwa miongo. Ubao uliosimama hautoi sumu nyingi. Ukichomwa, sehemu ya aseniki hupanda na moshi na iliyobaki hujikusanya kwenye majivu kwa kiwango cha kuua mnyama anayeyalamba. Mafundi wanapomaliza kazi, vipande vya kijani hubaki chini, vikavu, vya urefu unaotosha jikoni, na kuna mtu atakayevikusanya kwa nia njema kabisa. Vikusanye wewe kabla yake, pamoja na vumbi la msumeno, uvipeleke kunakotupwa taka zisizochomwa. Visiende jikoni, visiwe matandiko ya kuku, na majivu yake yasimwagwe bustanini.